Kompyuta ya nyumbani imechoka, ninunue ipi? Maswali ninayoulizwa Unguja na Pemba

Meza yangu ya ufundi ipo Chake Chake. Kabla ya hapo nilikaa miaka kadhaa Unguja, jirani na Darajani. Kote kuwili maswali ni yale yale. Pemba watu huja zaidi karafuu zikishauzwa na mfuko umetuna kidogo, Unguja huja zaidi mtoto akishapata nafasi ya chuo. Nimeyaweka hapa ili mtu ayasome kabla hajatoa pesa, maana akishatoa, kazi inayonibakia ni kumpa pole.

Kompyuta yangu imekuwa nzito mno. Ndiyo wakati wa kununua nyingine?

Labda bado. Kompyuta nyingi ninazoletewa zikiitwa zimechoka ni nzima. Kilichochoka ni diski. Ni ile diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, aghalabu mara 5400 kwa dakika, na kijisindano kinachokimbia huku na huku kutafuta mafaili. Ukiitegea sikio utaisikia ikikwaruza.

Alikuja mwalimu wa skuli kutoka Wete na laptopu yake ya mwaka 2018. Akaniambia akishaibonyeza huenda kuinjika maji ya chai, na chai ikishaiva ndiyo Windows nayo inamaliza kufunguka. Tukaitazama ndani: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha nane, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya kuzunguka. Nikamwekea SSD, ile diski mpya isiyozunguka, ya GB 256, RAM nikaifikisha GB 8, akaondoka na kompyuta yake ile ile. Aliiwasha pale pale mezani, akanitazama kwa jicho la kunishuku, kama nimembadilishia mashine.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua ndani kuna nini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji (Performance), utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski. Kama prosesa ni ya kizazi cha nane au cha baadaye (namna ya kukisoma ipo chini, kwenye swali la i5 na i7), itengeneze. Kama ni ya kizazi cha nne kurudi nyuma, SSD itaifanya ipumue lakini usiitilie pesa nyingi. Na kama bawaba imekatika, betri imekufa, kioo kina mistari na kibodi inaruka herufi, yote kwa mpigo, mimi mwenyewe nitakwambia uiache. Kipimo changu ni hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya laptopu iliyotumika ya kizazi bora zaidi, hapo tunazungumzia kununua.

Naambiwa Windows 10 imekufa. Kweli?

Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na haitazimika. Ilichokosa ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikija kila mwezi. Kuna mpango wa kuongezewa muda kwa watumiaji wa nyumbani, nao mwisho wake ni tarehe 13 Oktoba 2026, na lazima ujisajili.

Windows 11 ina masharti: RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, kijichipu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia, kwa jumla, kizazi cha nane; kwa AMD ni Ryzen za mfululizo wa 2000. Ndiyo sababu kila nikiulizwa swali la kompyuta mimi naanza na neno kizazi, mpaka wanangu wananicheka.

Zipo njia za kuiingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyotimiza masharti. Nimewahi kufanya hivyo kwa mtu aliyenielewa na akaridhia, kwa sababu Microsoft hawatoi ahadi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Nisichokipenda ni muuzaji kuiingiza kwa nguvu kisha akauza kwa maneno kwamba hii ni Windows 11. Kuiona Windows 11 kwenye kioo hakuthibitishi kwamba mashine ni ya karibuni.

Kwa kompyuta ya zamani ambayo bado ina uhai, kuna Linux Mint au Ubuntu, mifumo inayowekwa badala ya Windows. Ni bure, haziombi TPM, na kwa mtu anayeandika barua, anayesoma PDF na kutazama video zinatosha kabisa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu anatumia Mint na hajui kama si Windows. Sijamwambia.

Nichukue i5 au i7?

Hili ndilo swali linalokula pesa za watu kuliko yote, na swali lenyewe limekaa upande. Hayo maandishi i3, i5, i7 ni daraja ndani ya kizazi kimoja. Hayakwambii mashine ilizaliwa lini. Chukua mfano wa i7-4600U: ni ya mwaka 2013 na ina viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Kisha chukua i5-8250U, ya mwaka 2017: ina viini vinne. i7 yule anazidiwa vibaya na i5 huyu, lakini dukani mteja ataitaka i7 kwa sababu saba ni kubwa kuliko tano.

Namba ya kusoma ni ile inayofuata kistari. i5-6300U: sita, kizazi cha sita. i5-8350U: nane, kizazi cha nane. Namba ikianza na moja soma tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja, i5-1235U ni cha kumi na mbili. Kuanzia mwisho wa 2023 Intel walianza pia kutumia majina mapya kama Core Ultra 5, lakini hizo bado ni ghali na huku kwetu huzioni kila meza.

Wala usisome namba hiyo kwenye stika. Kuna siku nilimsindikiza shemeji yangu kwenye duka moja la mjini. Laptopu imepangwa vizuri, imefutwa mpaka inang'aa, na pembeni ya kibodi kuna kistika cha buluu kimeandikwa i7. Nikapitisha ukucha: kingo zake mpya kabisa, wakati pale unapoegemea viganja rangi ilikuwa imeshafifia kwa miaka ya kutumika. Nikafungua taarifa za mfumo. i5-4300U. Kijana wa duka akasema, "Kaka, hizo zinakuja hivyo hivyo kutoka huko." Stika hizo zinauzwa kwa karatasi nzima, kama zile za madaftari ya skuli.

Na kuna mtego wa upande wa pili, wa vitu vipya. Utaona laptopu mpya ndani ya boksi, nyepesi, bei nafuu, imeandikwa Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi ya eMMC ya GB 64. Mpya ni mpya kweli. Lakini ina viini viwili dhaifu, na hizo GB 64 Windows na masasisho yake yatazimeza kabla hujaweka picha za harusi. Tena RAM yake aghalabu imeunganishwa kwenye ubao, haiongezeki. Watu wananunua kwa furaha, baada ya miezi sita wanakuja kwangu kuniuliza ina virusi gani. Haina virusi. Ukipata yenye Intel N100, hiyo angalau ina viini vinne na inajikaza.

Basi nichukue iliyotumika?

Kwa pesa ya nyumba ya kawaida, mimi nasema ndiyo, mradi iwe laptopu iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Kampuni za Ulaya na Ghuba huzibadilisha kila baada ya miaka michache, zinauzwa kwa jumla, zinafika Dubai au Kariakoo na mwisho kwetu. Zina mwili mgumu, zinafunguka kwa skrubu za kawaida, na vipuri vipo. Za kutafuta ni EliteBook 840 G5, Latitude 7490, ThinkPad T480 na zilizokuja baada yake. Hizo ndizo zilizotoka na kizazi cha nane. Usidanganyike na jina peke yake, kwa sababu hizo hizo ziliwahi kutoka na prosesa za kizazi cha saba pia. Soma namba. T480 ina jambo moja ninalolipenda: betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nje, unaibadilisha bila hata kuizima mashine.

Ukiwa dukani usione haya. Kaa kwenye kiti, omba nusu saa, na muuzaji akikuonyesha kwamba unamchosha, ondoka. Fungua mahali pa kuandikia, bonyeza kila herufi moja baada ya moja, usiache hata kitufe cha nafasi. Weka kioo kiwe cheupe kitupu utafute madoa na vivuli. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Fungua na ufunge kioo polepole, sikiliza bawaba kama inalia. Jaribu kamera. Izime, iwashe tena huku ukibonyeza F2, F10 au F1 kulingana na kampuni, uone kama kule ndani inakuomba nywila. Ikiomba na muuzaji haijui, usiinunue hata kama ni nusu bei, maana siku ikihitaji kubadilishwa kitu kule ndani utakwama. Baadhi ya laptopu za maofisi zina pia kufuli la kampuni iliyoziuza, linaloweza kuamka siku ukiunganisha intaneti. Kwa hiyo iunganishe pale pale, kwa simu yako.

Kisha betri. Fungua ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ukurasa wenye namba mbili: uwezo betri iliyozaliwa nao na uwezo iliobaki nao. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 21,000, hiyo betri imebakiwa na chini ya nusu, na bei nayo lazima ishuke. Mara nyingi nikiwaonyesha wauzaji ukurasa huu wanapunguza bila maneno mengi.

Risiti iandikwe namba ya mashine, si "laptop moja" tu. Na muda wa kujaribu uandikwe pia, angalau wiki moja.

Ya mezani au laptopu?

Wengi wataishia laptopu kwa sababu ya umeme, na sina ugomvi nao. Lakini kama unacho kioo kizima cha ile kompyuta ya zamani, na kompyuta haitoki nyumbani, kuna kitu watu wengi hawakijui: kompyuta ndogo za mezani zenye ukubwa wa kitabu kinene. Dell OptiPlex 3060 Micro, Lenovo ThinkCentre M720q, HP EliteDesk 800 G4 Mini. Ndani zina prosesa za kizazi cha nane au cha tisa, zinatumia chaja ya nje kama ya laptopu, na zinaweza kufungwa nyuma ya kioo. Kibodi na kipanya chako cha zamani vinaendelea. Kioo chako kikiwa ni cha tundu la VGA tu, utahitaji kigeuzi. Hata televisheni ya ukumbini yenye HDMI inafaa, ingawa ukianza hivyo jitayarishe kugombana na wanaotaka kuangalia mpira.

Kuhusu TUKUZA, umeme wetu wa kununua uniti kabla, hesabu yake ni rahisi. Laptopu inayokula wati 50 kwa saa tano kwa siku inatumia robo uniti. Mwezi mzima uniti saba na nusu. Ile ya mezani ya kizamani pamoja na kioo chake, tuseme wati 150, kwa saa hizo hizo inakula uniti 22 na nusu. Hizo ndogo zimekaa karibu zaidi na laptopu.

Umeme wetu huu hautaiua?

Utaijaribu. Umeme unatufikia kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, Unguja kutoka upande wa Dar es Salaam na Pemba kutoka Tanga tangu 2010. Waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 wanalikumbuka lile giza la miezi mitatu, mji mzima unanguruma jenereta. Kompyuta yangu ya kwanza ya mezani niliizika wakati ule. Giza halikuwa na makosa. Iliungua kwenye jenereta ya jirani, iliyokuwa inapanda na kushuka kila mara pasi ilipochomekwa.

Na hilo ndilo la kuelewa. Kompyuta haifi umeme unapokatika, inakufa unaporudi. Unarudi na kishindo, mafriji na mapampu ya mtaa mzima yanaanza kuvuta kwa pamoja, umeme unayumba, halafu pengine unakatika tena baada ya sekunde kumi. Laptopu inayo bahati: betri inaibeba, na chaja ndiyo inayojitoa mhanga. Chaja unanunua nyingine. Ya mezani haina wa kuitangulia.

Kwa hiyo, katika pesa uliyotenga, toa sehemu moja kati ya kumi kabla hujaingia dukani. Kwa laptopu, nunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Hakijali kama kinalinda friji au chaja. Kwa ya mezani nunua UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoibeba kompyuta umeme ukikatika. Ya VA 650 itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, si za kumalizia filamu. Usichomeke printa ya leza juu yake, itailemea. Betri ya UPS ni ya risasi na kwenye joto letu baada ya miaka miwili mitatu inakuwa pambo. Ikianza kulia pii-pii kila mara, inakuomba betri mpya.

Kuna moja zaidi, na hili nalikuta nyumba nyingi. Ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, ukigusa chuma cha kompyuta unahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Huo ni umeme unaovuja kwa sababu soketi haina waya wa ardhi, au mtu amekata pini ya tatu ili plagi iingie kwenye ekstensheni ya pini mbili. Mwite fundi wa umeme kabla hujanunua kompyuta yoyote. Hapo simtanii mtu.

Nakaa ufukweni. Chumvi inafanya nini?

Inakula shaba. Ukifungua laptopu iliyokaa miaka mitatu Nungwi au Jambiani, chumba kinachotazama bahari, unakuta unga wa kijani kwenye miguu ya vichipu na kutu kwenye vichwa vya skrubu. Kusi likivuma, ule ukungu mwembamba wa bahari unaingia mpaka kabatini.

Watu wanadhani dawa ni kuifunga na kuihifadhi. Kinyume chake. Kompyuta inayowashwa kila siku hujikausha kwa joto lake yenyewe. Ile iliyofungiwa mkobani masika nzima, Machi mpaka Mei, ndiyo ninayoikuta imeota ukungu. Iwashe. Iweke mbali na dirisha la baharini. Ukisafiri, iache kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kuifunika kitambaa chepesi ikiwa imezimwa ni sawa. Ikiwa inawaka, kitambaa hicho kinaipika.

Za mezani zina wageni. Sisimizi huhamia ndani kufuata joto, na mjusi kafiri hupenda kupenya kwenye kisanduku cha umeme kwa nyuma. Nimeshawatoa wawili waliokauka wakiwa wamekumbatia waya, na kila mmoja alikwenda na kisanduku chake. Ziba yale matundu matupu ya nyuma.

RAM na diski kiasi gani?

RAM GB 8 kwa nyumba, 16 kama kuna anayehariri video au anayesoma uhandisi. SSD ya GB 256 inatosha, 512 ukiweza. Diski ya kuzunguka usikubali tena kama diski kuu. Itumie kuwekea akiba ya picha. Na ukiona flashi au SSD ya nje ya TB 2 kwa bei ya sahani mbili za biriani, ujue ni ya GB 32 iliyofundishwa kusema uongo: inaonyesha nafasi kubwa, ukiijaza inaanza kufuta ulivyoweka mwanzo.

MacBook je?

Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ni mashine nzuri: haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi, na betri yake inakaa kutwa. Lakini huwezi kuongeza RAM wala diski baadaye, na ikiharibika utapanda boti. Iliyotumika hakikisha akaunti ya mwenyewe wa zamani imetolewa mbele ya macho yako. MacBook za prosesa ya Intel sasa ziache. MacOS ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwao.

Kijana ameingia chuo. Simu au tableti haitoshi?

Ya kusomea inatosha. Ya kuandika ripoti ya kurasa arubaini yenye majedwali haitoshi, na atakayeumia ni mwenye duka la steshenari atakayekesha naye usiku akiipanga upya. Laptopu moja ya kizazi cha nane itamvusha miaka yake yote.

Ninunue hapa, Kariakoo, au nimwagize jamaa aliyeko Dubai?

Hapa unalipa zaidi kidogo lakini unajua mlango wa kurudisha, na kwa mtu asiye na fundi wa karibu nafuu hiyo ina thamani yake. Kariakoo chaguo ni kubwa, bei ni ya kugombania, ila ukirudi nyumbani ukakuta kibodi haifanyi kazi, nauli ya boti kwenda na kurudi inakula faida yote. Risiti iwe mkononi bandarini.

Za Dubai zina plagi ya pini tatu kama yetu, na nyingi zina herufi za Kiarabu kwenye kibodi. Watu wengine huzikataa kwa hilo. Kwa nyumba yenye mwalimu wa madrasa mimi ningelipa zaidi kuipata. Zilizotoka Ujerumani na Ufaransa zina herufi zilizohama, Z au A haipo ulipoizoea, nayo inaudhi mpaka siku unayoiuza.

Ukiletewa ya mezani kutoka Marekani, geuza nyuma kabla ya kuchomeka. Baadhi ya visanduku vya umeme vina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Kwetu ni 230. Kikiwa kwenye 115, utasikia mlio mmoja kama wa fataki na kuona moshi. Chaja za laptopu hazina shida hiyo. Soma maandishi yake madogo, karibu zote zinakubali 100 mpaka 240.

Kwa wa Pemba: kwenye boti ya kuja Mkoani ibebe mapajani, usiiweke na mizigo ya nje. Kioo kisafiri kimesimama, hakilazwi.

Bando langu litaliwa?

Siku ya kwanza, ndiyo. Windows 11 ya nyumbani inataka intaneti na akaunti ya Microsoft tangu inapoanza, kisha inashusha masasisho kwa fujo. Ukiunganisha kwa simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uiambie kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, itatulia. Yale masasisho makubwa yashushe ukiwa chuoni au kazini.

Muuzaji ameniwekea Office ya bure. Kuna ubaya?

Kama imevunjwa kufuli, kilichovunja kufuli nacho kimo ndani ya kompyuta yako, na hujui kinafanya nini usiku. Laptopu za maofisi karibu zote zina leseni yao ya Windows ndani ya ubao, ukiweka Windows safi inajitambua yenyewe. Kwa kuandika kuna LibreOffice, bure, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Mpangilio wa kurasa huenda ukayumba kidogo. Toa kama PDF kabla ya kupeleka kuchapishwa.

Ile ya zamani niifanye nini?

Kwanza itazame chini. Kama kifuniko kimevimba au ile sehemu ya kugusia kwa kidole imenyanyuka, betri imefura. Usiichaji, usiitoboe, usiitupe kwenye jaa linalochomwa moto. Iletwe kwa fundi ikiwa imezimwa.

Kisha hamisha picha na mafaili kabla ya kufikiria kuiuza au kuwapa madrasa. Diski inaweza kutolewa na kutiwa kwenye kasha dogo la USB, ikachomekwa kwenye mpya kama flashi. Usiifute siku hiyo hiyo. Kaa nayo mwezi mzima, maana kila mara kuna kitu kilichosahaulika: cheti kilichoskaniwa, sauti ya marehemu, daftari la madeni ya duka. Mwezi ukipita bila mtu kuuliza, ndiyo uifute kabisa, si kwa kuyatupa mafaili kwenye pipa la takataka la kompyuta, bali kwa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani huku ukichagua kufuta kila kitu.

Wengine huniachia diski zao niwahamishie, wakasema watazipitia Ijumaa. Ninaziandika majina kwa kalamu nyeupe na kuziweka kwenye droo ya chini. Leo hii zimo tatu, moja ni ya tangu kabla sijahama Unguja.